Kiboksi cha kufungulia bampa cha shilingi 1,200: nimekijaribu kwa NZE ya 2004

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena kwenye chaneli. Niko hapa nyumbani Kisumu, ni saa nane mchana, jua linachoma, na jua hili nimelisubiri makusudi. Bampa ni plastiki. Ikiwa baridi inakatika kama biskuti, ikipata joto inapinda na kukusamehe. Ndugu zangu wa Nakuru, najua asubuhi zenu. Msiguse bampa saa moja asubuhi, ngojeni jua lipande, au mmwagie pembe zake maji ya moto kwanza.

Gari ni hii Toyota Corolla NZE ya 2004. Ona hapa kushoto, bampa imeachana na fenda, kidole kinapita. Hii ni kazi ya fundi mmoja aliyeivuta kwa nguvu mwaka jana akitafuta waya wa taa. Alikata vishikizo viwili, akanirudishia gari na kebotai tatu nyeusi, vile vikamba vya plastiki vya kufungia waya. Iliniuma sana, kwa sababu bampa yenyewe ilikuwa nzima.

Sasa kiboksi. Kina vipande vya plastiki bapa vya kubanjua, koleo, uma wa chuma, na pakiti ya klipu. Vile vya plastiki mmeviona kwenye kila chaneli, sitawapotezea muda. Nataka muone huu uma. Sogeza kamera, mpwa wangu, sogeza karibu. Ncha yake imegawanyika kama ulimi wa nyoka, na shingo imepinda. Huo mpindo ndio nilioulipia.

Tazama klipu hii ya juu, karibu na grili. Ina kichwa cha duara, na katikati kuna kipini. Watu wengi wanachukua bisibisi, wanaipenyeza chini ya kichwa, wanabanjua. Kichwa kinatoka, mguu unabaki ndani ya shimo. Subiri. Klipu za aina hii hazifunguki kwa kuvutwa. Unakisukuma kipini ndani kidogo tu, milimita 2 au 3. Sikia: tik! Umesikia? Miguu ya klipu imelegea. Ukiendelea kusukuma, kipini kitaangukia ndani ya gari na hutakiona tena. Baada ya ile tik, ndipo napitisha uma chini ya kichwa, mpindo unaegemea plastiki, nabonyeza mkono chini taratibu... imetoka. Nzima! Narudia nyingine. Tik. Uma. Imetoka. Mnaona rangi? Hakuna hata mkwaruzo.

Lakini hii ya chini ni aina nyingine, angalia, kichwa kina alama ya kujumlisha. Hiyo kipini kinakuja juu, hakiendi ndani. Unazungusha kwa bisibisi ya nyota huku uma umekiinua. Hapa kuna mchanga, barabara yetu ya mtaani ni vumbi tupu, kwa hiyo kipini kimekwama na kinazunguka bure. Mswaki wa zamani na maji ya sabuni, sugua, ngoja dakika mbili. Haya. Imekubali.

Koleo sijalipenda. Mdomo wake ni mnene, haupiti chini ya klipu iliyobana, na ukilazimisha linakula rangi. Kuna seti nyingine inayouzwa kwa shilingi 600, vya plastiki peke yake, na nilidhani nitawashauri mchukue ile. Nimebadilisha mawazo hapa hapa mbele yenu. Ile haina uma.

Tuendelee haraka. Skurubu moja kila upande, ndani ya tao la gurudumu. Geuza usukani upate nafasi. Bolti za chini ni spana ya 10. Weka tepu ya karatasi kwenye ukingo wa fenda. Halafu hizi pembe: shika ukingo karibu na gurudumu, vuta kuelekea kwako, nje, usivute chini. Yule fundi alivuta chini. Mpwa wangu, shika upande wa pili, usiachie. Kabla hatujaenda mbele, soketi za taa za fogi: bonyeza kiulimi, chomoa. Ukisahau hapo unang'oa waya.

Imetoka. Igeuze. Mnaona maandishi haya, PP? Hiyo ni polipropilini. Supagluu haishiki vizuri hapa, ndiyo maana ile mliyopaka imebanduka. Bampa ikipata ufa, unalehemiwa kwa pasi ya kulehemea. Vijana wa jua kali wa soko la Kibuye wanashona kwa waya kwanza, halafu wanayeyusha plastiki juu yake, na wanaifanya vizuri kabisa. Hivi vishikizo vya pembeni nimenunua vipya viwili, shilingi 700. Viko tofauti na bampa, vimefungwa kwenye fenda, msinunue bampa nzima kwa sababu yao!

Kurudisha. Anza na pembe, gonga kwa kiganja mpaka zijifunge, halafu juu, halafu chini, na usikaze bolti hata moja mpaka zote zimeingia. Na klipu, tafadhali, sikilizeni hapa. Ukiiweka kama ilivyotoka, kipini kikiwa ndani, haitashika. Kisukume kipini kutoka nyuma mpaka kisimame juu ya kichwa, hivi. Ingiza klipu, kisha bonyeza kipini mpaka kiwe sawa na kichwa. Kimelala sawa, imeshika. Nimeona klipu nyingi zikitupwa zikiwa nzima, mwenye gari hakujua hatua hii.

Zile za kwenye pakiti? Nimepima, nyingi ni nyembamba kuliko shimo, ambalo hapa ni milimita 7. Zinacheza. Nimerudisha za zamani, na mbili zilizokufa nimezinunua Kibuye kwa shilingi 30 kila moja. Kwa hiyo mnalipa 1,200 kwa ajili ya uma, na mimi ningelipa tena, lakini mkimkuta muuzaji anayeuza uma peke yake, mwambieni awape huo tu.

Kabla sijasahau, video sasa zitatoka Jumamosi jioni, si Jumapili, na ijayo ni breki za nyuma za Probox. Jisajilini, bonyezeni kengele.

Haya, angalia pembe ya kushoto. Kidole hakipiti. Mpwa wangu, washa fogi. Zote mbili? Zote mbili zinawaka. Njoo tuibandue ile tepu kabla jua halijaipika kwenye rangi.