Kozi ya Kimalagasi kwa vidio kol: kwa somo la jina tu hela yangu imerudi

Jamani kama kuna mtu ana safari ya Madagaska asome hii. Nasoma Kimalagasi na ticha aliyeko Antananarivo, mnaonana kwa vidio kol wewe na yeye tu, na kilichonivutia ni kwamba somo la kwanza lote ni kujitambulisha, hamwendi kwenye namba wala siku za wiki mpaka jina likutoke mdomoni vizuri.

Na kweli linataka muda. Kule jina ndo linatangulia, mi naitwa Zuhura kwa hiyo nasema "Zuhura no anarako", sasa ukiisoma kama tunavyosoma sisi haieleweki, maana o yao inatamkwa u, inakuwa "nu anaraku", halafu ile vokali ya mwisho wanaimeza haisikiki sana. Alfabeti yao ina herufi 21 na u haimo kabisa, wala c, q, w na x, herufi hizi za Kilatini walizipokea 1823 enzi za mfalme Radama I. Basi ticha akaandika jina langu kwenye skrini "Zohora", akanambia haya soma kwa sauti, nikasoma likatoka Zuhura lile lile la nyumbani. Nilifurahi mno!

Kingine ni adabu, huyu ticha kwa adabu hana mchezo. Huingii na jina moja kwa moja, kwanza "Manao ahoana tompoko", hiyo tompoko ndo heshima yenyewe na inaenda kwa mwanamume na mwanamke sawasawa, kwa mtu mzima usiiache kama vile huku usivyompita mzee bila shikamoo. Ndo unauliza "Iza no anaranao?", akishataja lake unataja lako, unamalizia "Faly mahafantatra anao", yaani umefurahi kumfahamu. Tulirudia mara kibao, yeye akijifanya muuza vanila sokoni, mara mama mwenye nyumba, na kila akibadilika nami nabadilisha sauti.

Kisichonifurahisha ni apu yao ya mazoezi. Sauti zinakimbia na hakuna pa kupunguza spidi, kwa mtu anayeanza ni mateso na hiyo apu tunailipia pia, waangalie hilo. Halafu kozi imelalia Kimalagasi rasmi cha nyanda za juu, wakati ukifika Nosy Be au Antsiranana salamu utakayoisikia ni "Mbola tsara". Nilipomuuliza ticha alinifundisha bila shida, ila kwenye masomo yaliyopangwa haimo, kwa hiyo kama unaenda kaskazini mwambie mapema kabla hamjaanza.

Bei si ya kutisha. Na saa zao ni sawa na zetu, ukibuku saa mbili usiku ni saa mbili kweli, mi nachukua za jioni nikishatoka kazini.