Fundi wa fremu wa Usita wa Pwani, njia ya ufukweni hapa Lamu, sahihi yangu iko wapi?

Nilisema ningoje hasira ipoe ndipo niandike. Haikupoa, basi naandika hivyo hivyo.

Mbao zake ni nzuri, hilo nalitanguliza nisije kuambiwa nina choyo. Nakshi safi na pembe zimekutana sawasawa. Kasoro ni hiki alichokifanya baada ya kumaliza kazi.

Nilimpelekea picha ya kundi la taarabu lililopiga harusi ya shangazi yangu. Imebandikwa kwenye kadi, na chini yake watatu wametia sahihi. Mwimbaji alitumia kalamu ya felti nyekundu na mpiga udi biro ya buluu. Mpiga fidla, aliyekuwa pia mwandishi wa khati, alichomoa kalamu yake mwenyewe ya wino wa masizi. Miaka yote picha ilikaa kabatini, na sahihi zote tatu zilikuwa zinasomeka.

Fundi akaniambia nije Jumatatu. Nikaja, akasema Jumatatu nyingine, na mwezi ukazaa mwezi. Siku moja natoka gatini nikaiona picha yangu imetundikwa nje ya mlango wake kama tangazo! Wanaoijua Lamu wanajua upande ule: jua likishachomoza juu ya Manda, asubuhi nzima linakupiga usoni.

Nyekundu imekwisha. Imebaki kama doa la damu lililofuliwa mara kumi. Buluu imepauka, lakini ukiilaza picha upande wa taa unaona mfereji uliochimbwa na ncha ya biro, jina linasomeka kwa kivuli chake. Ule wa masizi umekaa vile vile, mweusi tititi.

Nikamuuliza, fundi, umefanya nini? Akasema bila ya kuinua kichwa, "Mama, kwani yua ni langu? Na kioo nimekutilia."

Kioo! Kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha sehemu kubwa ya ile miale ya jua inayounguza wino, na hata mwanga wa kuonekana nao hula rangi. Wino wa felti ni rangi iliyoyeyushwa, na mwanga huivunja kidogo kidogo. Nyekundu na zambarau mara nyingi ndizo za kwanza kwenda. Masizi ni chembe za kaboni, na jua halina la kuzifanya. Na msikimbilie kila kalamu nyeusi mkadhani mmeokoka, maana felti nyeusi nyingi ni mchanganyiko wa rangi hizo hizo, ukizianika zinageuka kahawia au zambarau.

Basi, nikiwa mkweli, lawama nyingine ni ya felti, na nyingine yangu mimi niliyoiacha pale bila kumwonya. Nilikuwa karibu kumsamehe. Ndipo akasema, "Leta kalamu nyekundu nikupitishie upya, hutajua."

Nitajua! Yule mwimbaji ni marehemu. Jina lake likipitishwa na mkono wa seremala si sahihi tena, ni maandishi ya seremala, na hakuna mkusanyaji atakayeigusa. Wino uliopauka haurudi, lakini alama iliyobaki ni ya mkono wake. Nikamnyang'anya ile picha hata kabla hajaifunga gazeti.

Nilitaka kumpa nyota moja. Nampa mbili kwa ajili ya pembe. Tatu, labda, ukimpelekea kioo cha kujitazamia au picha isiyo na sahihi, na ukaenda kuichukua siku ile ile.

Lakini nikiwa nahesabiwa chenji niliona picha ya marehemu babake, imetundikwa ndani kabisa, penye giza, nyuma ya rundo la mbao. Nikamuuliza mbona ile hakuiweka mlangoni. Akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Msumari ulikuwa hapo," akasema.

Narudi kwenye moja.