ERPNext kwa duka la jumla: mfumo unaofaa, ila utafutie mchambuzi kwanza

ERPNext, mfumo wa biashara wa kampuni ya Frappe ya India, hauna ada ya leseni. Msimbo wake uko wazi chini ya leseni huria ya GPLv3, na uhasibu, stoo, manunuzi na mauzo vyote vimo. Utakacholipia ni seva, bekapu na watu, na katika hao usimkose mchambuzi wa mifumo ya biashara: yule anayeielewa lugha ya mhasibu na ya mtunza stoo, kisha akawaeleza mafundi wa TEHAMA cha kupanga.

Kazi yake huanza kabla bidhaa hata moja haijaingizwa. Chukua sukari: inaingia kwa mfuko wa kilo 50, inatoka kwa mfuko na kwa kilo. Kipimo cha msingi kiwe kilo, halafu mfuko uandikwe kama kipimo cha pili chenye thamani ya 50. Mkianza na mfuko, kilo 3 zikiuzwa stoo itasoma mfuko 0.06, na kama mfuko umewekwa uwe namba nzima, mauzo yatakataliwa. Muamala ukishapita, mfumo haukubali tena kubadilisha kipimo cha msingi. Itabidi kufungua bidhaa mpya na kuhamishia salio huko. Hakuna kosa la mwanzo linalosumbua zaidi ya hili.

Data za zamani ziingie kwa mpangilio: makundi ya bidhaa, vipimo na maghala, kisha bidhaa, wateja na wasambazaji, kisha salio la stoo, mwisho ankara ambazo hazijalipwa, kila moja kwa jina la mteja au msambazaji wake. Salio zote za kuanzia hupitia akaunti ya muda iitwayo Temporary Opening. Zikiisha kuingia, akaunti hiyo lazima isome sifuri. Isiposoma sifuri, kuna salio lililosahaulika au lililoingia mara mbili, na mauzo yasianze mpaka lipatikane.

Tunachokisifu sana ni kwamba hati ikishabonyezwa Submit (kuithibitisha) haihaririwi kienyeji. Inabatilishwa (Cancel), inabaki ikionekana imebatilishwa, na ya kuirekebisha hutoka na -1 mwisho wa namba. Haki ya kubatilisha asipewe muuzaji.

Udhaifu uko kwenye miamala ya tarehe za nyuma. Ukiingiza manunuzi ya mwezi uliopita, mfumo hukokotoa upya thamani ya stoo kuanzia siku ile, na kazi hiyo huenda kwenye foleni. Foleni ikikwama, ripoti ya stoo na leja hazilingani, na mhasibu atahangaika bila kujua chanzo. Mchambuzi aikague orodha ya kazi hizo, Repost Item Valuation, kila asubuhi, na kila mwezi unapofungwa aifunge stoo ndani ya mfumo isipokee tena miamala ya mwezi huo.

Kwa Tanzania Bara, VAT ya kawaida ya 18% hupangwa kwa dakika chache, lakini mfumo wenyewe hautoi risiti ya TRA. Kiunganishi cha VFD, yaani mfumo wa kutoa risiti za TRA kwa programu badala ya mashine, kinatengenezwa au kununuliwa pembeni. Kabla ya kukilipia, kijaribuni kwa bidhaa iliyorudishwa, kwa mauzo yenye punguzo, na intaneti ikiwa imekatika.