Mafuta ya karafuu, chupa ya mililita 10: jinoni sawa, tumboni hapana

Mafuta yenyewe sina neno nayo. Chupa ni ya kioo cha kahawia, na mdomoni ina kizibo chenye tundu dogo linalotoa tone mojamoja hata ukiinamisha kwa pupa. Ukiyadondosha kwenye maji yanazama mpaka chini, na ndivyo inavyotakiwa, maana mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Baba alikuwa na gego limetoboka. Nilichanganya tone moja na mafuta ya alizeti, nikalowesha pamba, nikamwekea. Haikufika robo saa akaacha kushika shavu.

Ugomvi wangu ni na kikaratasi kilichomo kwenye boksi. Kinasema mafuta haya "hulainisha damu", kinashauri matone matatu kwenye maji ya vuguvugu kila asubuhi, basi. Tahadhari hakuna hata moja.

Baba amewekewa stenti, kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, na kila siku anameza aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda. Alisoma kikaratasi, akafurahi, akaanza kunywa kimyakimya. Siku ya sita akajikata kidevuni akinyoa, kijeraha cha kucha tu. Tunabana kwa kitambaa, tunaachia, damu inachuruzika tena. Ilichukua kama dakika 40 kukata. Dawa zake peke yake huchelewesha damu, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni karafuu. Lakini nilipomuuliza, "Baba, kuna kingine unachokunywa?" alinyanyuka akaniletea chupa hii.

Mimi ni mtu wa maabara, na kauli ile ya "hulainisha damu" inaniuma kwa sababu ina ukweli ndani yake. Plazima, yaani majimaji ya damu, ikiwa na chembe sahani, zile chembe zinazoshikana kuziba jeraha, huwa na ukungu, kama maji yaliyoingia maziwa kidogo. Unapitisha mwanga, unatia kichocheo, chembe zinashikana mabongemabonge, ukungu unaondoka na mwanga unapenya. Gustav Born alieleza kipimo hiki mwaka 1962 na hadi leo kinatumika. Sasa anza na yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, halafu utie asidi ya arakidoniki, kimojawapo cha vichocheo hivyo: ukungu unabaki palepale. Chembe zimekataa kushikana, kwa kuwa yujenoli inazuia kutengenezwa kwa thromboksani, ile kemikali ambayo chembe moja huitoa kuwaita wenzake. Aspirini nayo hupiga hapohapo, na chembe iliyokwisha kuguswa na aspirini hairudi kazini mpaka ife, baada ya siku 7 hadi 10. Kwenye neli ya maabara tunajua tumetia kiasi gani. Kwa mzee mwenye macho hafifu, matone matatu yanakuwa matano, na juu ya dawa mbili za kazi hiyohiyo.

Lingine ni kifuniko. Mtoto anakifungua bila taabu. Imewahi kuripotiwa kisa cha mtoto wa miaka 2 aliyemeza mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu: alipoteza fahamu, ini likaharibika, na damu ikavurugika kuganda. Chupa hii moja inatosha kufanya hivyo.

(Anayetumia wafarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ayaogope zaidi mafuta ya wintagrini. Karibu yote ni methili salisilati, ndugu wa aspirini, na hata kwa kuchua ngozi tu yamewahi kuzidisha nguvu ya wafarini mpaka mtu akatoka damu.)

Nawapa nyota 3, zote kwa ajili ya jino. Watengenezaji nimewaandikia waondoe ushauri wa kunywa na waandike wazi kwamba anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji au kung'olewa jino, amwambie daktari kwanza. Kikaratasi nimekitupa. Chupa nimemwachia baba, nimeizungushia plasta nyeupe na kuandika kwa herufi kubwa anazoweza kuzisoma bila miwani: JINO TU.