Pedi "orijino" za Kirinyaga Road zilivyoniingiza kanisani

Hasira bado hazijaniisha, kwa hivyo mnivumilie.

Kitambo kidogo hivi, pedi za breki za mbele za gari langu, Toyota Fielder, zilianza kulia. Fundi wangu akaniambia, "Mama Shiru, hizi zimeisha, badilisha kabla hazijakula diski." Nikashuka mwenyewe Kirinyaga Road, kule kwenye maduka ya spea Nairobi, maana nikimtuma yeye huwa nashuku kuna cha juu. (Fundi, ukisoma hapa, pole. Lakini unajua.)

Kijana wa duka akaniwekea masanduku mawili kwenye kaunta. La kwanza 2,800, "hizi ni za kawaida." La pili 7,500. "Hizi ni orijino, madam, kitu ya Japani. Ukiweka hizi utasahau mambo ya breki." Laiti ningeyasikiliza maneno yake vizuri! Sanduku lilikuwa safi: jina la kampuni ya gari, kibandiko kinachometameta, namba inayoanza na 04465 kama inavyotakiwa kwa pedi za mbele za Toyota. Namba hiyo nilikuwa nimeichunguza nyumbani kabla sijatoka, nikajiona mjanja kweli. Nikalipa kwa M-Pesa, nikapewa risiti iliyoandikwa "breki" basi.

Wiki chache baadaye tukawa tunaenda Naivasha. Mnaoujua mteremko wa kutoka Rironi kwenda Mai Mahiu mnajua ulivyo: lori mbele, lori nyuma, na mguu hauondoki kwenye breki. Kwanza ikaja harufu ya kitu kinachoungua. Halafu kishindo kidogo upande wa kushoto, na kutoka hapo kila nikikanyaga ni krrrr, chuma kwa chuma. Watoto nyuma wakanyamaza, na wangu hawanyamazi hata wakilala. Nikashusha gia, nikatambaa na taa za hazadi hadi nikaegesha karibu na kile kikanisa kidogo walichojenga mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Miaka yote napita hapo sijawahi kuingia. Siku hiyo niliingia.

Fundi aliyetoka Mai Mahiu akafungua gurudumu. Kwenye pedi ya ndani, ile sehemu nyeusi inayoshika diski ilikuwa imebanduka yote kutoka kwenye bamba lake la chuma, kama soli ya kiatu kilichogandishwa kwa gundi ya sokoni. Akalikwaruza bamba kwa ukucha, rangi ikatoka. Akaligeuza: hakuna namba, hakuna herufi, hakuna chochote. "Mathe," akasema, "wewe ulinunua sanduku."

Diski nayo ilikuwa imechimbika. Gharama hiyo siitaji, mume wangu atasoma.

Niliporudi dukani nikakutana na mwenye duka. Hakuinua hata macho kutoka kwa simu. "Madam, nyinyi hukanyaga breki kama mnaua mende." Nikamtolea lile bamba. Akanyoosha kidole ukutani: bidhaa zikiuzwa hazirudishwi. Nikamtajia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, nayo akaicheka. "Nenda kortini, utanipata hapa hapa." Kijana aliyeniuzia alikuwa kando yake, anapanga plagi, eti hanijui.

Kwa hivyo msikanyage pale. Nilitaka hata kuandika kwamba habari ya orijino ni utapeli mtupu, nunueni za bei nafuu mlale. Fundi wangu aliniwekea pedi za 3,200 zenye jina la mtengenezaji mwenyewe, na mpaka leo ziko kimya. Akanifafanulia kwamba Toyota huletewa pedi na watengenezaji kama Advics na Akebono, na hao hao huuza nyingine kwa jina lao. Sasa hiyo 7,500 nilikuwa nalipia nini, kibandiko?

Lakini siwezi kuapa. Shemeji yangu aliweka shokabu za bei nafuu, hazikumaliza mvua mbili kabla ya kuanza kuvuja mafuta. Na kwa ajenti rasmi, nilipopiga simu kuuliza pedi, bei niliyotajiwa ilinifanya niulize kama gurudumu liko ndani yake. Dada wa huko alikuwa na heshima lakini, nakiri. Labda ningelipa tu.

Na kinachoniudhi kuliko vyote: mkanda wa feni nilionunua duka hilo hilo, miaka kama mitatu iliyopita, upo hadi leo. Haujawahi kulia hata asubuhi ya baridi.

Lile bamba nalibeba kwenye dashibodi. Juzi nilikuwa nimekwama kwenye foleni mbele ya duka, kijana yule yule akaja dirishani. "Madam, unatafuta spea gani?" Nikamwonyesha bamba bila kusema neno. Akalishika, akaligeuza upande huu na huu.

"Iko," akasema. "Unataka ya kawaida ama orijino?"