Ruta yenye tundu la simu: Huawei B315 nyumbani kwa mama

Mama yangu, hapa Magomeni, simu za kupangusa hazitaki kabisa. Anataka ya mezani, vitufe vikubwa, ikae pembeni ya kochi. Ndiyo nikazunguka Kariakoo kutafuta ruta, kile kifaa cha intaneti, inayotumia laini ya simu (kadi) na yenye tundu la kuchomekea simu ya mezani.

Ya kwanza ilinitia hasara. Tundu lilikuwepo, jembamba kuliko yale ya kebo ya intaneti, lakini ukiinua mkono wa simu, kimya. Kumbe huduma ya sauti ilikuwa imefungwa. Muuzaji akaniambia mali ikishatoka dukani hairudi. Haya.

Ya pili ni Huawei B315, ya mtumba. Safari hii nilibeba simu ya mama kwenye kikapu, tukaichomeka palepale kaunta, nikajipigia. Ikaita! Nikalipa.

Nyuma ina matundu manne ya kebo na moja la simu. Inatumia laini ya kawaida, kwa hiyo namba ni ya mkononi, si ile 022 ya simu za mezani za Dar. Sauti safi. Kasoro ni kwamba mama akianza stori na mama mdogo wa Tanga, intaneti yangu inalegea, maana ruta inashuka kutoka 4G kwenda mtandao wa chini (3G au 2G) ili kubeba sauti. Umeme ukikatika simu nayo inakufa. Zile za nyaya za shaba zilipata umeme kutoka kituo cha simu. Nimeongeza betri ya volti 12.

Bando la intaneti halipigi simu ya kawaida, nunua muda wa maongezi. Hilo mama aliligundua siku ya pili, akanipigia kelele.