Kochi la bukle: uzuri wake, na mkasi wa fundi wa duka

Nilikuwa nimekusudia kulisifu kochi hili, na sehemu ya sifa hizo bado nitaitoa, kwa kuwa si haki kitu kizuri kibebeshwe dhambi za wanaokiuza. Ni lile kochi lililopinda kama mwezi mchanga, jeupe la maziwa, lililovishwa bukle, yaani kitambaa kinene chenye vitanzi vya uzi, ambalo miaka ya karibuni halikosekani katika picha ya sebule yoyote inayotaka kuitwa ya kisasa. Usasa wenyewe una umri mkubwa: kiti maarufu cha mbunifu Eero Saarinen, ambacho kampuni ya samani ya Knoll ilianza kukiuza mwaka 1948, kilivishwa bukle, na hadi leo kinatengenezwa. Kwa hiyo siwaungi mkono wanaodai kwamba ni fasheni ya msimu mmoja.

Umbo lake sina neno nalo. Wageni hukaa wakitazamana, na mazungumzo hunoga. Ni kweli kwamba nyuma yake hubaki upenyo unaokusanya vumbi, maana ukuta umenyooka nalo limepinda, lakini hilo linavumilika.

Lisilovumilika lilianzia kwenye kitambaa. Juu ya bukle huachwa vitanzi vidogo vidogo vya uzi; ndivyo vinavyokipa kitambaa ule unene unaovutia mkono, na ndivyo vinavyonaswa na kucha za paka, bangili na kila kitu chenye ncha. Muda si mrefu baada ya kochi kufika, zipu ya begi la mwanangu ilinasa kitanzi kimoja ukingoni mwa kiti, uzi ukachomoka kiasi cha urefu wa kidole. Anayevijua vitambaa vya aina hii anajua kwamba uzi huo hauvutwi wala haukatwi, bali husukumwa taratibu kwa ndoano ya kufumia hadi upite upande wa ndani. Ningeifanya kazi hiyo mwenyewe, lakini masharti ya dhamana yalitaka ifanywe na fundi wa duka, nami nikawapigia simu.

Fundi, baada ya kuahirisha mara kadhaa, aliingia bila hata kuitikia salamu, akautupia uzi jicho moja, akatoa mkasi mfukoni, akaukata. Nilipomuuliza kama hajui kwamba uzi uliokatwa huendelea kufumuka, alinijibu huku akifunga mkoba wake: "Mama, kochi hili si la watu wenye watoto. Hili ni la kuangalia." La kuangalia! Tangu lini kiti kikawa cha kuangaliwa? Na kama ndivyo, kwa nini tangazo lao wenyewe limejaa watoto wanaolirukia?

Haukupita muda, vitanzi vya jirani vikaanza kulegea kimoja baada ya kingine, na sasa pana kipara cha ukubwa wa kiganja, kitambaa cha chini kikionekana waziwazi. Duka lilinijibu, kwa ufupi wa kukera, kwamba uharibifu wa zipu hauhusiki na dhamana. Nikawauliza kuhusu uharibifu wa mkasi wa fundi wao, na swali hilo hadi leo halijapata jibu.

Je, nawashauri mlinunue? Nilipoanza kuandika, jibu lilikuwa ndiyo, kwa tahadhari, hasa kwa nyumba isiyo na paka. Fremu ni imara, sponji haijabonyea, na nilikuwa tayari kutoa nyota nne. Lakini kila nikiukumbuka mkasi ule, nyota zinapungua: zimebaki mbili, zote za fremu na umbo, na duka halina lake hapo. Bukle nitainunua tena, sikatai, ila kwa fundi wa makochi atakayeshona vifuniko vinavyovuliwa na kuniachia kipande cha akiba cha kitambaa kilekile.